Moshi wa Teluriamu Ulinifuata Kanisani

Hapa Eldoret nafanya kazi ya kumpulizia moto wa tanuru mzungu mmoja mpima madini. Alinieleza kwamba ndani ya yale mawe yake dhahabu imeshikana na madini mengine yaitwayo teluriamu kama mume na mke, na ni moto tu unaoweza kuwaachanisha. Akanionya nisivute ule moshi, pumzi itanuka siku nyingi. Nikaona ni uoga wa mzungu.

Jumapili, kwaya ikijipanga, kukanuka kitunguu saumu. Mimi mjuaji nikamgeukia Mama Rebeka mbele ya wote. “Mama, siku ya kuimba acha kitunguu saumu.”

Mwalimu wa kwaya akanituma nje nikalete vitabu. Niliporudi, wote walikuwa wanacheka.

“Ndugu Wafula,” akasema Mama Rebeka, “hebu rudi nje kidogo. Tulikuwa tumeanza kupumua.”