Chupa Tatu Ambazo Mama Geji Hakuzitikisa

Saa kumi na mbili na robo asubuhi. Mkanda unaanza kunguruma, chupa zinagongana zikielekea kwenye vizibo, na Mama Geji ameshavaa koti lake jeupe lenye doa la soda ya chungwa mfukoni. Anadaka chupa moja iliyokwisha kufungwa, anaibana kwenye kifaa chake, anatoboa kizibo kwa sindano. Tsss! Kisha anaitikisa kwa nguvu zake zote, akihesabu kwa sauti: "Moja, mbili, tatu..."

Anafika ishirini na tano. Mshale wa geji, kipimo cha msukumo wa gesi, umepanda na kutulia. Anapima joto la soda, anaandika karatasini, anadaka nyingine.

Wenzake humcheka. Eti siku hizi anahesabu utadhani anapandisha watoto wa shule kwenye basi.

"Waache wacheke," anasema, macho kwenye geji. "Hawajui kinachonihesabisha."

Mama huyu wa watoto watatu amepima gesi katika kiwanda hiki cha soda kwa miaka kumi na tisa, chupa tatu kila nusu saa. Mwandishi wa gazeti hili alikuja kumuuliza jambo dogo tu: kwa nini soda hufoka povu? Alijibu vizuri, kisha akaomba mlango wa maabara ufungwe.

"Gesi inakubali kukaa ndani ya soda kwa sababu ya baridi na kubanwa," anaeleza. "Ukifungua kizibo, hakuna tena cha kuibana, inakimbilia nje. Ndiyo hayo mapovu. Sasa soda ikipata joto na chupa imefungwa, gesi inatoka kwenye soda lakini haina pa kwenda. Inaisukuma chupa yenyewe."

Na kutikisa je?

"Usipotikisa, geji haikwambii ukweli. Gesi nyingi bado imejificha kwenye soda, mshale unasoma chini. Ni jambo la kwanza tunalofundishwa. La kwanza!"

Asubuhi moja, miezi minane iliyopita, hakutikisa.

Hakuwa mgonjwa wala hakuwa amechoka. Alikuwa anacheka. Mwenzake alikuwa akimsimulia jinsi mumewe alivyokwama mlangoni na godoro jipya, na Mama Geji akatoboa chupa tatu mfululizo, akasoma mshale, akaandika: gesi pungufu.

Fundi wa gesi, mtu mpole ambaye hata mitungi yake aliisalimia asubuhi, alipiga simu maabara mara mbili. "Dada, mitambo yangu naiona iko sawa. Una hakika?" Mama Geji alimjibu kicheko bado kimemjaa: "Kaka, karatasi ndiyo hiyo." Hapo kiwandani karatasi ya maabara haibishiwi. Fundi akaongeza gesi.

Mchana ghala likapata joto. Chupa kumi na moja zikapasuka ndani ya kreti, vioo vikamkata mkono binti aliyekuwa akizipanga. Vidole vyake viwili havikunjiki hadi leo.

Kamati ya uchunguzi ilipokaa, karatasi ilimlinda aliyeiandika. Ikaonekana fundi ndiye aliyepitiliza kipimo, akafukuzwa kwa uzembe. Kabla hajaondoka alipita maabara, kofia mkononi.

"Dada, niambie tu nijue. Ulitikisa?"

"Nilitikisa, kaka."

Alisema hivyo kwa macho makavu.

"Akaniamini!" anasema Mama Geji. "Akasema, basi makosa yatakuwa yangu. Akanitakia kazi njema. Lo! Angenitukana ningepata nafuu. Nilitamani ardhi ipasuke."

Siku hizi fundi anajaza upepo matairi kwenye kona iliyo njiani kati ya nyumbani kwa Mama Geji na kiwanda. Kila asubuhi mama huyu huzunguka nyuma ya soko, dakika ishirini za ziada, ili wasionane. Ameshamaliza soli za jozi mbili za viatu kwa kumkwepa mtu ambaye hana hata kinyongo naye.

Kilichomfungua mdomo ni kitindamimba wake, aliyekuja na kazi ya shule kuhusu gesi na vimiminika. Mama akamweleza mezani, kwa fahari, habari za kutikisa. Mtoto akaandika, kisha akauliza, "Kwa hiyo mama, asiyetikisa anaandika uongo?"

"Nilisukuma sahani kando," anasema. "Mume wangu akadhani ni tumbo. Usiku ule nikamwambia yote. Akaniuliza, 'Na wewe unasubiri nini?'"

Barua ya kwenda kwa meneja ameshaiandika, ila hajaipeleka. Ndani yake anaomba fundi arudishwe na binti wa ghalani aombwe radhi. Anajua anaweza kupoteza koti hilo jeupe. Kwetu anaomba kitu kimoja tu: gazeti hili lingoje mpaka Jumamosi ipite.

"Nataka fundi asikie kabla ya meneja na wasomaji wenu, tena kwa mdomo wangu. Jumamosi sizunguki soko. Napita pale pale kwenye kona."

Na akikasirika?

"Ana haki. Akinitukana nitasimama hapo hapo mpaka achoke." Anadaka chupa nyingine, lakini haitoboi. Anaishika tu kwa mikono miwili. "Sitangoja aniulize mara ya pili. Kabla hata hajaitikia salamu nitamwambia: kaka, sikutikisa."