Kwale hadi Shimoni na Gari Linalokunywa Oili

Safari hii ilikuwa na sababu moja tu: kumwoza dada yangu Mwanaisha. Baba yetu amefariki, kwa hiyo mimi ndiye walii wake, na bila mimi hakuna nikaha. Ilipangwa Shimoni baada ya swala ya alasiri, mwaka uliofuatia mvua za El Nino. Sheikhe alikwisha tuonya kwamba ana nikaha nyingine Vanga. Tukichelewa, ataondoka, na Mwanaisha atabaki ndani na hina yake.

Kwale, baada ya adhuhuri. Ami Bakari, mdogo wake baba, aliliwasha gari lake kuukuu, nalo likatema moshi wa buluu hadi kuku wakatawanyika.

"Ami, umetazama oili?"

"Ya nini? Angalia chini, mchanga mkavu. Gari lisilovuja haliishiwi oili. Tena oili hubadilishwa, mwanangu, haiongezwi."

"Na moshi huu?"

"Moshi ni moshi. Au utatia mkono mle na kanzu ya harusi?"

Hapo akaniweza. Sote garini, pamoja na wazee wawili wa ukoo, tulivaa kanzu nyeupe pepepe, na hakuna aliyetaka kuigusa boneti.

Ukunda niliomba tusimame kwenye kituo cha petroli. "Tumechelewa," akasema Ami. Lakini tulipofika Mwabungo alimwona rafiki yake, akasimama, wakaulizana hali za watoto, mbuzi na minazi yote. Subhanallah!

Tulipoipita Msambweni, taa nyekundu ya oili iliwaka.

"Taa hiyo ina wazimu tangu zamani," akasema.

Ramisi injini ikaanza kugonga. Nilimwambia azime, nikakunja mikono ya kanzu, nikakivuta kijiti cha kupimia oili. Hata tone! Nilikimbilia dukani, nikarudi na makopo mawili, nikamimina huku injini ikiniunguza vidole na oili ikinirukia kifuani. Ami alisimama mbali, ameinua pindo la kanzu yake.

"Polepole, utajichafua," akaniambia.

Wallahi, ningalimrukia.

Shimoni tulimkuta sheikhe amekwisha vaa viatu. Nikanawa kwa sabuni, nikasugua kwa mchanga, weusi ukakataa kutoka. Na walii sharti ampe mkono bwana harusi! Hamisi, fundi wa injini za boti, aliutazama mkono wangu, akaushika kwa nguvu, akatamka amekubali. Ndani vigelegele vikapasuka. Machozi yalinitoka, nami sikuwa na pa kuyafutia.

"Shemeji," Hamisi akaninong'oneza kabla ya kuniachia, "gari linatoa moshi wa buluu?"

"Tangu Kwale."

"Basi ringi za pistoni zimelika. Oili inapenya juu, inaungua pamoja na petroli. Huwezi kuiona chini, imetoka na moshi. Mpaka zibadilishwe, pimeni kila mkijaza petroli."

Kesho yake, tukirudi, nilimwambia Ami asimame Msambweni, nikafungua boneti na kumwonyesha kijiti kilipo. Nilikwisha jifunza habari za ringi; sasa ilikuwa zamu yake. Alikivuta, akatafuta kitambaa, hakukiona. Akanitazama juu hadi chini, akasogea, akakifuta kwenye kanzu yangu.

"Yako imekwisha chafuka," akasema.