Vibao Vitatu vya Tofali

Nyumba ya wajawazito tuliyotaka kujenga hapa Kawajense ilitugharimu tofali elfu sita, nimezihesabu mara mbili, kuni za trekta mbili na kiangazi kizima. Nyumba yenyewe haipo.

Wazo lilitoka kwa shemeji yangu, mke wa mdogo wangu. Alikuja kutoka Sibwesa kusubiri uchungu karibu na hospitali, akalala kwenye kochi langu. Wenzake wasio na ndugu mjini walitandika khanga kwenye vibaraza vya watu. Makanisa matatu ya mtaani, ambayo hata msibani huimba kwa kushindana, yakakaa benchi moja na kukubaliana: kila kanisa lifyatue tofali elfu mbili. Mimi, kwa kuwa wauzaji sokoni wakiniona wanakunja meza kwa kuogopa ninavyoshusha bei, nikapewa manunuzi.

Kila kanisa likafyatua uwanjani kwake, kwa kibao chake cha kufyatulia, likachoma tanuru lake. Hakuna aliyepita kwa jirani kupima.

Fundi tuliyemwita kujenga alipanga tofali tatu kutoka kila kanisa, akaona saizi hazilingani, akacheka mpaka akakaa chini.

"Wazee wangu, Mungu mmoja, vibao vitatu? Hizi hazishikani ukuta mmoja. Gawaneni: wengine mbele, wengine nyuma, wengine ndani."

"Mbele ni zetu," katekista wa kanisa la kwanza akawahi. "Ndiyo kubwa."

"Kubwa na mbichi," mwinjilisti wa kanisa la pili akajibu. "Zenu zijenge choo."

Mchungaji wa kanisa la tatu akakunja mikono. "Chooni sisi hatuendi."

"Hata ukibanwa, baba?" fundi akauliza.

Nikajaribu kupatanisha kama sokoni: mbele kuna kona mbili na mlango, kila kanisa lichukue chake. Wakanitazama kana kwamba naomba punguzo la ubatizo. Wiki hiyohiyo kila mmoja alibeba tofali zake. Sasa mtaa una uzio mpya, stoo ya viti, na jukwaa la kwaya zuri sana.

Juzi shemeji ameshuka tena kwenye bodaboda, tumbo mbele, begi mkononi, na mwenzake mmoja mjamzito nyuma yake.

"Shemeji, ile nyumba iko upande gani?"

Nimewapa kochi na mkeka. Nyie mnaosali huku na huku, nishaurini: nianze kuwaomba wazee wakubaliane kibao kimoja, au kwanza warudishe tofali za hawa akina mama?