Tableti ya Shangazi na Barua Zilizowatangulia Wenyewe

Hakukuwa na kidole, lakini maneno yalikuwa yanafutika.

Nilikuwa peke yangu dukani, mikono nimeiweka mapajani, natazama kioo cha tableti. Neno "nahomba" nililoandika asubuhi likaliwa herufi moja baada ya nyingine mpaka likaisha. Pakabaki patupu kidogo.

Kisha pakaandikwa "naomba".

Sikupiga kelele. Mimi si mtu wa kupiga kelele. Nilifunga kasha lake taratibu kama mtu anayefunika chungu chenye kitu kibaya ndani, nikatoka nje nikasimama juani.

Hapo tableti ilikuwa na wiki tatu tu tangu ichukue nafasi ya laptopu.

Mimi niliishia darasa la tano. Mama alipougua, wa kukaa naye nilikuwa mimi, na alipofariki hakuna aliyekumbuka kunirudisha shule. Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyenitoa kwa mama wa kambo, nilikokuwa nalala jikoni na masufuria. Yeye ana duka la kuchapa barua. Watu wanakuja kuomba kazi, kushtaki, kuhama, kuachana.

Mteja mmoja aliniuliza kitu mara tatu nikamjibu kwa kutikisa kichwa. Akaniita Kimya. Jina likanata.

Shangazi amechapa barua tangu enzi za taipureta. Alikuwa na msemo wake: "Kinachoingia hapa kinazikwa hapa." Na kweli watu walimwamini. Hata wanaogombana walikuja kuchapiwa kwake, huyu asubuhi na yule mchana, na kila mmoja akaondoka na siri yake.

Laptopu yetu ilikuwa nzito kama tofali. Feni yake ilikoroma mpaka wateja wakacheka. Siku moja ikatoa harufu ya kuungua, ikazima.

Fundi simu wa duka la jirani akaifungua, akaitazama, akaifunga.

"Mama, huyu tumzike."

"Usinitanie, wewe. Nina kazi za watu."

"Sikutanii. Laptopu ya nini siku hizi? Chukua tableti, ivalishe kasha lenye kibodi, basi hiyo ni laptopu. Chaji siku nzima. Herufi unazikuza mpaka zinafika ukubwa wa sahani."

Hilo la herufi ndilo lililomvuta Shangazi. Macho yake yalikuwa yameingia mtoto wa jicho, ingawa ukimwambia anakutukana. Siku tableti ilipoletwa walikaa pembeni yeye na fundi, wakanong'ona muda mrefu, simu ya Shangazi ikiwa mkononi mwa fundi. Kisha akaniita.

"Kuanzia leo unachapa wewe."

"Mimi, Shangazi?"

"Kuna Kimya mwingine hapa?"

Nikajifunza. Nilichapa kwa vidole viwili, nasoma kila neno kwa kuliwekea kidole. Faili nyingi zilinichanganya, kwa hiyo kila asubuhi nilifungua faili moja tu, na barua zote za siku hiyo nikazipanga humo, moja chini ya nyingine. Mteja akimaliza, nampa ukurasa wake kutoka kwenye printa. Saa kumi jioni Shangazi anaondoka kwenda kupumzika, mimi nafunga saa kumi na mbili.

Nilijiona mtu. Kwa mara ya kwanza.

Kisha akaja dereva wa lori.

Jana yake alikuwa amechapiwa barua ya kumshtaki bosi wake kwa kumpa gari lisilo na breki. Aliingia bila salamu, akaweka bahasha mezani. Ilikuwa bado imefungwa kwa gundi.

"Ifungue," akaniambia.

Nikaifungua. Barua ilikuwemo.

"Sijampa mtu. Imelala mfukoni mwangu. Asubuhi bosi ameniita, amenisomea mambo yote yaliyomo humu, kisha akaniambia niache funguo. Sasa nieleze, binti. Nani alimsomea?"

Nikatazama viatu vyake.

"Hata kunitazama huwezi," akasema, akaondoka.

Wiki iliyofuata ikawa mshonaji. Alichapiwa barua ya kuomba kazi kwingine, na mwenye cherehani anazoshonea akajua kabla jua halijachwa. Baada yake mzee mmoja aliyemwandikia wakili kuhusu wanawe. Wanawe wakamsubiri mlangoni kwake.

Barua zilikuwa zinafika kabla ya wenyewe.

Halafu ndipo ikaja jioni ile ya "nahomba".

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani kwamba tableti ina mtu ndani? Lakini kila siku, baada ya saa kumi na moja, ilikuwa hivyo hivyo. Nukta inaongezwa. Herufi inafutwa. Mtu asiyeonekana anapita juu ya maneno yangu kama anayepita na fagio.

Wateja wakapungua. Waliobaki walikuwa wananong'ona nikiwa palepale, kana kwamba mtu asiyesema hasikii pia.

Jumatano Shangazi akanikalisha chini.

"Printa haina mdomo. Tableti haina mdomo. Tumebaki wawili humu ndani, na mimi najijua."

"Shangazi, sijasema."

"Na nani basi?"

Nilitaka kumweleza ninachokiona jioni. Nikaishia kugusa kasha la tableti.

"Miaka thelathini," akasema. Hakupandisha sauti, na hilo liliniumiza zaidi. "Miaka thelathini hakuna barua iliyotoka hapa kwa miguu yake. Jumamosi utafunga mizigo, urudi kwa baba yako."

Usiku huo sikulala. Nilikuwa naona lile jiko la mama wa kambo.

Na katika kugeuka geuka nikamkumbuka fundi. Ni yeye aliyesema laptopu imekufa. Ni yeye aliyeleta tableti. Duka lake linapakana na letu, na kutwa nzima ameinamia simu za watu. Mtu mwenye kuweza kuingia ndani ya barua bila mkono ni nani mwingine?

Nikamtegea.

Alhamisi asubuhi niliandika barua ambayo hakuna mteja aliyeileta. Nikaiweka juu kabisa ya faili la siku. "Kwa mwenye nyumba. Mimi ni mpangaji wako. Nakujulisha kwamba ndani ya tangi la bluu la ua wetu kuna paka aliyeoza, yumo siku ya tatu leo. Watu wanayanywa maji hayo."

Tangi hilo ni la ua tunaoishi mimi na Shangazi. Vyumba sita, tangi moja. Fundi naye huchota humo maji ya kunywa ya dukani kwake, kila mtu anajua. Hakukuwa na paka wala panya.

Nikasubiri mpaka saa sita. Kisha nikampelekea fundi kikombe cha maji.

"Kimya leo umenikumbuka? Kuna nini?"

"Jua kali," nikasema.

"Umesema maneno mawili. Leo nitacheza bahati nasibu." Akacheka. "Ya tangi letu haya?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

Akayanywa yote bila kupumua, akafuta mdomo, akanirudishia kikombe.

Si yeye.

Nilirudi kukaa nikiwa nimepoa kabisa. Kama si fundi, basi tableti ni safi. Ndivyo nilivyofikiri. Labda watu hao walijisema wenyewe huko, na haya ya herufi ni hitilafu tu za kifaa. Nilitaka iwe hivyo.

Saa kumi, Shangazi akiwa ameshaondoka, akaingia mama mmoja amebeba mtoto mgongoni. Alisimama pembeni ya mlango, si katikati, macho yanatazama barabara.

"Wewe ndiye wanayesema ana mdomo?"

"Sina."

Akaniangalia. "Hujui hata kujitetea. Sawa, nitakuamini. Kwingine wote wanaochapa ni marafiki wa mume wangu."

Alinionyesha mkono wake. Sitaueleza. Alikuwa ametoroka wiki mbili nyuma, na alitaka mtoto wake mkubwa ahamishiwe shule iliyo karibu na alikojificha. Mwalimu mkuu alitaka barua iliyochapwa, yenye jina la shule hiyo mpya na mahali anapoishi mzazi.

"Wifi yangu anakaa ua wenu," akasema. "Chumba cha tatu. Yule hata nikikohoa, kaka yake anajua."

"Hatajua," nikamwambia.

Nilimwahidi mimi, kwa mdomo wangu huu. Nikachapa. Aliisoma, akaikunja mara nne, akaificha kifuani.

Siku hiyo nilifunga mapema, saa kumi na moja na robo. Nilikuwa na hamu ya kumwambia Shangazi kwamba fundi hana hatia na mimi pia sina.

Nilipofungua geti la ua nikakanyaga maji.

Ua wote ulikuwa umelowa. Mke wa mlinzi alikuwa anamwaga ndoo. Bibi wa chumba cha pili anamwaga dumu. Binti yake anasuuza mdomo, anatema, anasuuza tena. Wote kimya, kama wanaofanya kitu cha wizi.

"Kuna nini?" nikauliza.

"Shh," mke wa mlinzi akaniwekea kidole. "Paka kwenye tangi."

Paka niliyemwandika mwenyewe asubuhi.

Kisha nikaona vigoda. Vigoda vinne vimepangwa chini ya dirisha la chumba chetu, na mabakuli ya mboga zisizokatwa. Niliwahi kufurahi kwamba majirani wanampenda Shangazi mpaka wanamsogelea kila jioni.

Kutoka dirishani ilikuwa inatoka sauti ya mwanamke. Sauti isiyo na pumzi, isiyopanda wala kushuka. Ile sauti ya simu inayosomea watu maandishi.

Ilikuwa inasoma barua zangu. Moja baada ya nyingine, jinsi nilivyozipanga.

Nikachungulia. Shangazi alikuwa amelala kwenye kiti, kichwa kimeangukia begani, simu kifuani, sauti imefunguliwa mpaka mwisho. Nikaelewa yote mara moja. Ule mnong'ono wake na fundi. Kilichoandikwa dukani kilikuwa kinatokea kwenye simu yake. Macho yalikuwa hayawezi tena kusoma barua nzima, naye hakutaka nijue, wala hakutaka nijue kwamba anakagua kazi yangu. Herufi zangu alikuwa anazirekebisha yeye, neno mojamoja alilolisikia limekosewa na kulikuza. Na alipochoka, alisinzia, na simu ikaendelea kusema peke yake.

"Kwa Mwalimu Mkuu," ikasema sauti.

Chini ya dirisha alikuwa amebaki mtu mmoja tu, hajamwaga maji. Wifi wa chumba cha tatu. Ameegemea ukuta, shingo ameinyoosha.

Sauti ikataja jina la shule.

Nikasukuma mlango. Ulikuwa na komeo kwa ndani.

"Shangazi," nikaita. Sauti yangu haikumfikia hata mke wa mlinzi.

"Kwa sasa mimi na watoto wangu tunaishi..."

Nikapiga yowe.

"Nyoka. Nyoka. Nyoka huyo miguuni."

Sijui lilitoka wapi. Bibi akatupa dumu, binti akapanda juu ya kigoda, mke wa mlinzi akaita watoto wake wote kwa majina, na ua mzima ukawa kelele tupu. Wifi naye akaruka. Shangazi akashtuka, simu ikamdondoka ikanyamaza.

Baadaye wifi akanisogelea taratibu, anatabasamu.

"Kumbe Kimya ana sauti." Akainama akitazama chini. "Huyo nyoka alikuwa wapi vile?"

Sikujua amesikia mpaka wapi. Niligeuka nikatoka getini mbio.

Yule mama nilimkuta nje ya chumba chake anaosha mtoto. Nilimwambia yote nikiwa nahema. Hakunitukana. Alimvalisha mtoto, akaanza kukunja nguo, harakaharaka, kama mtu aliyekwisha kuzoea kukunja.

"Ulisema hatajua," alisema tu.

Jumatatu asubuhi mwanamume alisimama kwenye geti la ile shule tangu kengele ya kwanza mpaka ya mwisho, anatazama kila mtoto aliyeingia. Mlinzi wa shule ndiye aliyetusimulia. Mtoto aliyemtafuta hakuwepo.

Shangazi hakulia mbele yangu. Siku mbili hakusema neno, nikawa naongea mimi. Siku ya tatu akauliza:

"Dereva anakaa wapi?"

Nilimshika mkono tukaenda. Dereva alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, mpaka mwisho, kisha akafunga mlango. Tukaenda kwa mshonaji. Tukaenda kwa yule mzee. Njiani kurudi nikamuuliza kwa nini hakuniambia tu kwamba anakagua kazi yangu.

"Nilitaka nikukamate unakosea."

"Na ulinikamata?"

"Kwenye herufi tu."

Jumamosi ilipita, mizigo yangu haikufungwa. Fundi alikata ule uhusiano wa tableti na simu, akanifundisha kufungua faili la kila mtu na kulifuta akishaondoka. Wateja wengine wamerudi. Wengi hawajarudi, na siwalaumu.

Nawaandikia haya kwa tableti hiyohiyo. Ni nyepesi, inawaka haraka, kweli inafanya kazi ya laptopu. Lakini ile tofali yetu kilichoingia kilibaki tumboni mwake. Ukibadilisha kifaa, usiulize tu chaji inakaa saa ngapi. Uliza ukiandika hapa kinatokea wapi pengine. Na ukitaka kumchunguza mtu wako, mchunguze akiwa anakuona.

Wengine mtaniuliza yule mama yuko wapi sasa. Sijui. Nilimwomba asiniambie.