Mwendo wa Ndege Kutoka Maskati

Barua ile niliiandika mimi. Nimekana miaka arubaini, mara moja kwa kiapo, na hadi leo harufu ya wino wa masizi hunifanya nitazame vidole vyangu. Mwaka ule kabla ya vita vya Mjerumani nilikuwa na miaka kumi, msichana pekee katika kichochoro chetu cha Mji Mkongwe aliyejua kuandika, nami nilijivuna kama jogoo anayedhani yeye ndiye aletaye alfajiri. Jirani yetu Bi Zuwena aliumwa kifua. Mwanawe Salim alikwenda Maskati akanyamaza, na binti yake Asha alikuwa njiani kutoka Bwejuu kuja kumchukua akamuuguze. Sikutaka aende. Nani angenipa kashata kila alasiri?

Basi nikafunga kikaratasi mguuni mwa njiwa wetu wa darini, ambaye hakuwahi kuvuka hata Darajani, nikampelekea Bi Zuwena. "Mama, mimi Salim. Ni mzima. Nitakuja mwaka huu, nisubiri nyumbani. Nimeandika kwa mkono wangu." Hayo ya mwisho niliyaongeza kwa ufundi. Bi Zuwena alinisomesha barua ile mara tatu.

"Na kutoka Maskati mpaka hapa, kwa ndege, mwendo gani?"

"Siku mbili, bibi. Akipumzika Mombasa, tatu."

"Maskini. Mpe mtama, kachoka."

Asha alipofika na punda, mama yake alikataa katakata. "Siendi. Kakako anakuja, atamkuta nani?" Masika yakaingia, kuta zikalia maji, na Bi Zuwena akafia mle mle. Baada ya hitma Asha alinishika kidevu. "We mtoto, nani kaandika hii?" Nikaapa simjui. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilifika mbali.

Sasa nafundisha jiografia. Nimepima kwa uzi juu ya ramani: zaidi ya maili elfu mbili. Njiwa wangu angekufa baharini. Siku hizi ndege ni za chuma, na mwendo ule watu huumaliza wamekaa vitini. Juzi simu ya shule ililia. Alikuwa Asha, kutoka Kikwajuni.

"Shikamoo, Bi Asha."

"Marahaba. Kaka kaja. Kwa ndege."

Nikaona nisipokiri leo sikiri tena. "Bi Asha, barua ile niliiandika mimi."

"Najua. Jana nimempa aione. Kaniuliza imeandikwa nini."

"Vipi tena?"

"Salim hajui kusoma wala kuandika, mwalimu. Chuo cha Kurani alikuwa akikitoroka kila siku. Mama alilijua hilo kuliko sote."

"Sasa mbona hakwenda Bwejuu?"

"Hilo kamuulize marehemu mwenyewe," akasema, akakata simu.

Nilibaki na mkono wa simu sikioni. Nikakumbuka zile mara tatu alizonisomesha Bi Zuwena: karatasi hakuitazama hata mara moja. Alikuwa akitazama vidole vyangu, vyeusi kwa wino, kisha akaniongeza kashata.