Mchanga Unaokunywa na Kutapika

Nilisoma sayansi ya udongo chuo kikuu kwa miaka minne, na tangu nihitimu udongo pekee niliougusa ni ule unaoganda kwenye viatu. Hilo halikuzuia ukoo wetu kunipa cheo cha mtaalamu. Ukitaka kuheshimiwa kwetu Samia, soma kitu ambacho hakuna nduguyo atakayeweza kukukagua. Mimi huandika makala za kuwaeleza watu wengine namna ya kuishi, nimepanga nyumba ya vyumba viwili huko Mundika, na kwenye rafu yangu kuna kitabu cha vipande vya rangi, cha kulinganishia rangi za udongo, ambacho nilipaswa kukirudisha idarani siku ya mwisho ya masomo.

Kwa hiyo nyumba ya mama ilipoanza kunywa maji, macho yote yalinigeukia mimi.

Nyumba hiyo iko chini ya Funyula, kwenye tambarare ambako ardhi huteremka kuelekea ziwani kwa aibu, kidogo kidogo, mpaka usijue kama bado inateremka. Kila masika kuta zililowa kutoka chini hadi usawa wa magoti, na plasta ikabanduka kama maganda ya kitunguu. Mama akaanza kukohoa. Mwaka jana mvua iliisha, kikohozi kikabaki. Muuguzi wa zahanati alimsikiliza kifua, kisha akatuita pembeni mimi na dada yangu mdogo, watoto pekee wa mama tuliobaki, akasema, "Mvua isimkute huyu mama tena ndani ya hiyo nyumba." Ilikuwa Januari. Masika hayangesubiri zaidi ya Machi. Ilikuwa lazima tumjengee mama nyumba kavu upesi, na kabla ya tofali la kwanza ilibidi tuamue mahali.

Tulikutana nje ya jiko lake Jumamosi moja. Dada yangu ni wakala wa forodha Malaba. Kazi yake ni kuandika kila mzigo wa lori katika fungu lake kabla haujavuka kwenda Uganda, na akikosea fungu, lori linalala barabarani na dereva anamtukana kwa lugha tatu. Nadhani ndiyo sababu haogopi wasomi.

Mimi nilikuwa nimeshachagua. Nilikwenda mbele ya boma, karibu na barabara, nikagonga ardhi kwa kisigino.

"Hapa," nikasema. "Pako sawa, peupe, mchanga mtupu. Mchanga unapitisha maji. Hata mtoto wa darasa la nne anajua."

"Mimi nataka kule," mama akasema, akielekeza kidole nyuma ya boma, kwenye kichuguu cha zamani cha mchwa, pale ambapo ardhi imevimba kidogo na ni nyekundu.

"Mama, kule ni kwa mbuzi."

"Ndiyo. Mvua ikinyesha wanakimbilia kule. Hawajasoma, na hawakohoi."

Dada yangu akacheka mpaka akashika kiti. Mama akaendelea kwa upole, kama mtu anayemweleza mgeni njia. Ule mchanga wa mbele una jina kwa Kisamia, jina refu ambalo maana yake ni kwamba unakunywa na kutapika. Kiangazi unameza kila unachoumwagia, hata samadi, na haukupi kitu. Masika unarudisha yote kwa siku moja. Nikamwambia kwamba hayo ni maelezo mazuri ya kienyeji, lakini uainishaji wa udongo una taratibu zake. Nilitamka hivyo hasa, mbele ya mwanamke aliyelima shamba lile tangu kabla sijazaliwa: una taratibu zake.

"Profesa," dada yangu akasema, ingawa anajua sijawahi kufika huko, "kwetu Malaba karatasi ikisema lori limebeba sabuni, ofisa haamini karatasi. Anapanda nyuma anafungua turubai. Wewe umeandika sabuni na turubai hujagusa. Fungua mzigo."

Alikuwa amesema kweli, na jambo baya zaidi ni kwamba hiyo kweli ilikuwa somo la wiki ya kwanza chuoni. Udongo hausomwi kwa juu. Unachimba shimo, unasimama ndani, unasoma ukuta wake tabaka kwa tabaka. Nikaahidi kurudi Jumatano na kulichimba kitaalamu.

Jumatano nilikodi wanaume wawili wa jirani waliosifika kwa kuchimba vizuri. Sikujiuliza sifa hiyo waliipatia wapi. Niliwapa vipimo kutoka daftari langu la zamani: urefu mita mbili, upana mita moja, kina kirefu kadiri maji yatakavyoruhusu, kuta zinyooke. Mkubwa wao aliegemea jembe akanitazama.

"Boss, hii ni kaburi."

"Ni shimo la kuchunguza udongo."

"Sawa. Kaburi ya kuchunguza."

"Nani amekufa?" mwenzake akauliza, akivua kofia.

"Hakuna aliyekufa!"

"Basi tutachimba polepole," akasema yule mkubwa, "tukimngojea."

Nikaweka kitabu changu cha rangi juu ya kaburi la baba, lililo ubavuni mwa nyumba ya zamani. Saruji yake imeinama upande mmoja, jambo ambalo kwa miaka mingi nilimlaumia fundi. Kisha nikavua viatu.

Nakiri kwamba saa mbili zilizofuata zilikuwa za furaha kuliko zozote nilizopata tangu niache chuo. Juu kulikuwa na mchanga wa kijivu uliochanganyika na mizizi, mwembamba kama blanketi la hospitali. Chini yake mchanga mweupe, uliooshwa hata ukabaki bila nguvu ya kushika mbolea wala maji. Halafu, usawa wa paja, yakaanza madoa ya rangi ya kutu, ishara kwamba maji hupanda na kushuka hapo kila mwaka, yakiacha alama kama chai kwenye kikombe. Chini ya madoa kulikuwa na udongo mzito wa kijivu-samawati unaonuka yai bovu. Hilo ndilo tabaka linalokaa majini muda wote, na uzito wake ndio unaozuia maji ya mvua kushuka zaidi. Nikachukua donge, nikaliviringisha kati ya vidole, nikalitia ulimini ili meno yanipe kiasi cha mchanga uliomo, kama tulivyofundishwa.

Wachimbaji wakasimamisha kazi. Udongo wa kula huuzwa sokoni Busia, na wanunuzi wake wanajulikana.

"Boss," yule mdogo akauliza kwa heshima, "iko miezi mingapi?"

Wakati huo huo maji yalianza kuingia. Hayakutoka juu. Yalitoka ubavuni, kwa utulivu, kama mwenye nyumba anayerudi kwake. Yakafika kwenye vifundo vyangu, yakafika kwenye shavu la mguu. Na mimi, badala ya kutoka, nikaagiza daftari. Nilikuwa nimelipata jina! Mfano kamili, bora kuliko ule wa mtihani: udongo wa mchanga wa tambarare ya ziwa, unaotuamisha maji, wa kijivu chini na wa madoa juu. Jina lake la kitaalamu lina maneno manne, na yote kwa pamoja yanasema usijenge hapa. Nikaanza kuwahutubia wachimbaji kutoka ndani ya shimo. Nilifurahi kama daktari aliyegundua ugonjwa wa nadra kwa mzazi wake.

Mama alikuja kutoka jikoni, akainama ukingoni, akasikiliza hotuba yote.

"Kwa hiyo?" akauliza.

"Kwa hiyo mama, maji yamekaa juu sana, na lile tabaka la chini..."

"Linakunywa na kutapika," akasema mama.

Nilikuwa nafungua daftari tuliposikia kilio barabarani.

Hapa lazima nieleze kosa langu. Shimo la mita mbili kwa moja, mbele ya boma, likichimbwa na watu wawili ambao tarafa nzima inajua wanachimba nini, lilionekana na kila pikipiki iliyopita kuelekea Funyula. Kufikia saa sita habari ilikuwa imefika kanisani. Akina mama wa kanisa la mama wakajitokeza kwenye lango, wamebeba unga na kuni vichwani, wakilia kwa sauti moja. Kiongozi wao, mwanamke mnene mwenye kitambaa cheupe, alikuwa anamlilia mama kwa sifa zake zote, ukarimu wake na mihogo yake, mpaka akamwona mama amesimama mbele yake na mwiko mkononi.

Kilio kikakatika. Akamtazama mama, akanitazama mimi ndani ya shimo, maji magotini, matope mdomoni.

"Basi ni nani?" akauliza. "Maana mliobaki ni nyinyi."

Dada yangu alifika mbio kwa pikipiki akiwa bado amevaa kitambulisho chake cha kazi shingoni. Alikuwa amepigiwa simu mbili, zote zikimpa pole, na kila moja kwa maiti tofauti. Aliposhuka na kutuona sote tu wazima alikaa chini mchangani akalia, kisha akanirushia kiatu.

Nilidhani kuomba radhi na kufukia shimo kungetosha. Kiongozi wa akina mama akatikisa kichwa. Kwetu kaburi likichimbwa halifukiwi tupu. Likifukiwa tupu litaita mtu, na kwa umri na kikohozi kila mmoja aliweza kukisia litaanza na nani. Mimi, mtu wa sayansi, nilifungua mdomo nipinge, nikamwangalia mama akikohoa kwenye leso yake, nikaufunga. Ikaamuliwa kwamba shimo lizikiwe mgomba, kama inavyofanywa mwili unapokosekana. Wachimbaji wakakata mgomba mnene nyuma ya jiko, akina mama wakauvika shuka, sala ikasomwa, fupi lakini ya kweli, tukauteremsha.

Mgomba ukaelea.

Wachimbaji wakausukuma kwa miti. Ukazama upande mmoja, ukainuka upande wa pili, ukazunguka, ukatulia juu ya maji na shuka lake kama mtu anayeota jua. Mtu mmoja akaanza kucheka, na nadhani alikuwa dada yangu. Akina mama wakafuata, hata yule wa kitambaa cheupe, akijifuta machozi aliyoyaleta kwa kazi nyingine. Nilicheka nami. Nilipogeuka nimwone mama, hakuwa akicheka.

"Hivyo ndivyo alivyokuwa baba yenu," akasema.

Kicheko kikaisha.

"Nyinyi watoto mlikuwa mmekaa kwenye hema. Wewe," akanitazama, "ulikuwa unasoma ile karatasi yako ndefu ya wasifu wake. Wanaume walichota maji kwa ndoo tangu alfajiri. Walipoteremsha sanduku, niliona likiinuka. Likawekewa mawe. Mimi niliona."

Yule mchimbaji mkubwa akainamisha kichwa. Alikuwepo. Ndoo moja ilikuwa yake.

Ndipo nikaelewa kile ambacho mtu yeyote wa kwetu asiye na shahada angekijua tangu Jumamosi ile. Mtu wa kwetu huzikwa ubavuni mwa nyumba yake. Ukimchagulia mama mahali pa nyumba, umemchagulia na mahali pa kulala daima. Sisi tulikuwa tunabishana kuhusu kikohozi na masika. Yeye alikuwa anaomba asiwekewe mawe.

Kaburi lililoinama nilikuwa nimeweka kitabu changu juu yake asubuhi ile ile. Ukuta wa shimo niliusoma tabaka kwa tabaka, hatua thelathini kutoka pale, na sababu ya kuinama kwake haikunijia.

Tulitoa maji kwa ndoo, safari hii nikichota mimi, mgomba ukalala, tukaufukia. Akina mama hawakutaka kurudi na unga wao, kwa hiyo ukapikwa na tukaula. Alasiri hiyo hiyo, bila kuniuliza, dada yangu aliwapeleka wachimbaji kwenye kichuguu wakachimba shimo dogo la mviringo, la aina ambayo haimtishi mtu. Udongo mwekundu hadi chini, imara, mkavu. Aliniita niupe udongo ule jina. Nikamwambia jina analijua mama.

Fundi alimaliza paa la nyumba ya kichuguuni wiki moja kabla ya mvua. Mbuzi walihamia kwenye nyumba ya zamani kwa wiki moja, wakaikataa. Pale tulipozika mgomba mama alipanda nduma, ambazo zinapenda miguu ikilowa, na mgeni akiuliza kwa nini bustani ile ina umbo lile, humwambia amezikwa mtaalamu.

Asubuhi iliyofuata mvua kubwa ya kwanza nilikuwa nimelala kwake. Tambarare yote mbele ilikuwa inang'aa maji, na mchanga wangu mweupe haukuonekana. Nilimkuta mama nje, ubavuni mwa nyumba mpya, ameshika mti mrefu wa kukorogea pombe ulioachwa na marehemu bibi. Aliuchomeka ardhini kwa uzito wake wote, akauzungusha, akauchomoa. Akaigusa ncha yake kwa kidole, akakisugua kidole kwenye kanga, akaitazama kanga: vumbi jekundu, kavu.

"Chai iko jikoni," akaniambia, akaingia ndani.