Alipoitwa Nyumbani Itumba, Ruti Alichagua Kusoma

Saa nne asubuhi, Jumamosi, Ruti Kibona anajifungia ndani ya ghala la mahindi mjini Tunduma. Nje, malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia yanapigiana honi. Humu ndani, magunia yaliyopangwa hadi karibu na paa yanameza kelele zote.

Anaegemeza simu kwenye gunia, anaitazama, anatabasamu.

"Hamjambo wahudumu wangu? Leo tunamtazama mtoto mwenye homa."

Anajirekodi hadi mwisho wa somo, kisha anafungua mlango. Mtunza ghala, mzee Aliko, anamsubiri na ufunguo mkononi.

"Mwalimu, leo magunia yameelewa?"

"Yameelewa, baba. Yangekuwa na mikono yangenyoosha."

Ruti, mwenye miaka arobaini na mitatu, ni muuguzi aliyegeuka mwalimu. Huwafundisha wahudumu wa afya wa vijijini, wale wanaopita nyumba kwa nyumba kuwaelekeza akina mama. Zamani aliwafuata huko huko kwa pikipiki, akala nao, akacheka nao. Shirika linalomwajiri lilipopunguza safari, masomo yakahamia kwenye simu.

"Mwanzoni nilifurahi," anasema. "Baadaye nikagundua siku inaweza kuisha sijaongea na mtu."

Kwao ni Itumba, wilayani Ileje, aliko mumewe Barnaba na shamba lao. Tunduma amepanga chumba kimoja. Binti yao Witness yuko chuoni Dodoma. Jioni Ruti hupika ugali wa mtu mmoja, na mpaka leo hajajua kuukadiria. Kiporo hakikosekani.

Vyeti vya mafunzo mafupi ya kutengeneza masomo ya mtandaoni anavyo vinne. Vilimfundisha kukata video na kupanga maswali, naye akaamini kazi anaijua. Matokeo yalimuunga mkono: katika kata ya Msangano, wilayani Momba, wahudumu wote kumi na mmoja walimaliza somo la kuhara na kupata alama zote.

Mwaka jana alipata gari la kumfikisha Msangano, akaenda kuwapongeza. Akamwomba mmoja wao, Fides, achanganye dawa ya ORS, ya kumrudishia maji mtoto anayeharisha, mbele ya wenzake. Fides akamimina pakiti nzima kwenye kikombe cha chai, akakoroga vizuri, akamkabidhi.

"Fides, somo si lilisema lita moja ya maji?"

"Labda, mwalimu. Sikulisikiliza."

"Na zile alama?"

Mwenzao, Judith, akasema taratibu, "Nilijibu mimi. Mtandao unashika kwangu tu. Wakaniletea namba zao za kuingilia kwenye somo, nikawajibia wote. Tuliona unataka sana tumalize, mwalimu. Hatukutaka kukuaibisha."

Ruti hacheki anapolisimulia hilo. Dawa iliyokolea namna ile humwongezea hatari mtoto anayeharisha. "Wao walinionea huruma, na mimi niko Tunduma najisifu," anasema. "Kile kikombe angenyweshwa mtoto wa mtu."

Siku hiyo alikiri moyoni kwamba anajua kutengeneza video, lakini hajui mtu aliye mbali anajifunzaje, wala utampimaje kama amejifunza. Hilo halifundishwi kwa wiki mbili. Akaomba stashahada ya uzamili ya usanifu wa mafunzo ya mtandaoni, ya miaka miwili, katika chuo kinachofundisha kwa njia ya masafa. Ada ni shilingi milioni mbili na nusu. Akakubaliwa.

Wiki ile ile akapata habari nyingine: nafasi ya uuguzi aliyoiomba Itumba kwa miaka mingi imepatikana, aripoti mwezi huo. Vyote viwili havikuwezekana. Kozi inamtaka awe na wanafunzi wa kweli wa kuwatengenezea masomo, nao anawapata kwa mwajiri wake wa sasa tu.

"Mama Witness, unasomea kitu unachokifanya tayari?" muuguzi mwenzake alimshangaa. "Mume anakusubiri, wewe unasubiri mtihani?" Hata jina la kozi hakuna aliyelishika.

Akampigia mumewe.

"Baba Witness, Itumba wameniita."

"Nimesikia. Nimeshapaka chokaa chumba."

Ruti akamweleza habari ya kikombe cha Fides, yote, kwa mara ya kwanza, kisha habari ya kozi.

"Miaka miwili," Barnaba akasema.

"Miwili."

"Mimi na kuku."

"Wewe na kuku, baba."

"Basi soma. Lakini mimi usinitumie video. Ukinikumbuka, piga."

Nafasi ya Itumba ameshapewa mtu mwingine. Ruti yuko muhula wa kwanza, na wanafunzi wenzake ni majina tu kwenye kioo cha simu. Wapo wa Mtwara na wa Bukoba, na sura zao hajaziona.

Anapanga kutengeneza somo la kutazamwa na watu wengi kwenye simu moja, ambalo haliendi mbele mpaka kila mmoja afanye kwa mikono yake, wenzake wakimtazama. Akimaliza kozi ataomba tena Itumba. Nafasi isipokuwepo, ataomba mwaka unaofuata.

"Nataka Fides achanganye ile dawa mwenyewe, mimi nisiwepo, na mtoto apone," anasema. "Nikilipata hilo, nitarudi kwangu."